Kosaini ya Sitini

Wanafunzi walimwita Sitini, na si kwa sababu ya umri, maana hata hamsini alikuwa hajaigusa. Jina hilo lilizaliwa mikononi mwao wenyewe. Ukitaka kujua lilizaliwaje, ingia nami kwenye maabara ile wakati wa kipindi cha fizikia, ila uache mlango wazi nyuma yako, usije ukashindwa kuvumilia ukakosa pa kutokea.

Kilikuwa chumba kirefu chenye meza za saruji na masinki yaliyokauka. Ukutani kwa mbele ulining'inia ubao wa mbao wenye kapi mbili za kupitishia uzi, moja kila pembe ya juu. Katikati ya ubao kulikuwa na pete ya chuma iliyofungwa nyuzi tatu: mbili zilipanda kwa mshazari, zikapita juu ya kapi na kuning'iniza mawe ya mizani, na ya tatu ilishuka moja kwa moja na jiwe lake. Pete ikitulia, haivutiki huku wala kule, basi kani zote zimelingana. Kazi ya mwanafunzi ni kuchukua kila uzi wa mshazari na kuipasua kani yake vipande viwili, kimoja cha kwenda pembeni na kimoja cha kwenda juu, kisha aonyeshe kwa hesabu kwa nini pete imetulia.

Pembeni ya ubao, kwenye msumari, ilikaa fimbo. Sitini aliiita Msaidizi. "Msaidizi, hebu njoo huku," angesema kwa upole kabisa, na viganja vya darasa zima vingejificha chini ya meza.

Alikuwa na sheria yake, ambayo sijawahi kuisikia kwingine na naomba nisiisikie tena. Aliyekosea hesabu alikwenda mbele, akatoa mkono. Lakini kabla ya kuchapwa aliulizwa swali. "Fimbo inashuka wima. Ukiinamisha kiganja digrii thelathini, kitapokea kiasi gani cha kani yake?" Akijibu sawasawa, aliruhusiwa kuinamisha mkono kwa pembe hiyohiyo, fimbo ikaacha sehemu yake na nyingine ikateleza ikaenda zake. Akishindwa, kiganja kilikaa bapa kama sinia na kupokea yote. Sasa, kosaini ya sitini ni nusu. Ukiinamisha digrii sitini unakula nusu ya fimbo tu. Ndiyo maana watoto ambao hawakukumbuka hata siku zao za kuzaliwa walikariri kosaini ya sitini kabla ya kitu kingine chochote, wakampa na mwenyewe jina hilo.

Walijifunza haraka kama watu wanaokimbia moto. Matokeo ya mtihani yalipotoka, shule ilishika nafasi za juu. Mkuu wa shule, ambaye ofisi yake ilipakana na maabara, akisikia vilio alifunga dirisha na kuongeza sauti ya redio.

"Mimi siwapigi," Sitini aliwaambia walimu wenzake wakinywa chai. "Nawapa mifano." Wenzake walicheka mpaka chai ikawapalia, watu wazima wenye watoto wao nyumbani.

Yeye mwenyewe hakuwa anatania. Mkono wake wa kushoto haukunyooka. Kiwiko kilikuwa kimepinda na kugandia hapo, hivyo akitembea mkono ule ulitangulia mbele kana kwamba amebeba kikapu. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Siku moja Sitini, akiwa mtoto wa kimo cha meza, aliangusha fremu ya geti iliyokuwa bado ya moto, ikapinda. Baba aliokota kipande cha bomba. Mtoto akainua mkono juu ya kichwa, akaulaza bapa kujikinga, na bomba likashuka likakutana nao sawia. Mlio wake ulikuwa wa ukuni mkavu ukivunjwa gotini. Mama alimfunga kwa vipande vya mbao na matambara, kwa sababu baba alikataza hospitali. Kisha baba akarudi kuchomelea geti lake, maana mteja alikuwa anakuja.

Miaka ilipita. Siku moja, akiwa sekondari, mwalimu wa fizikia alichora mshale ukishuka juu ya mteremko, akaupasua vipande viwili: hiki kinagandamiza, hiki kinateleza. Sitini aliliona bomba. Aliuona mkono wake mdogo umelala bapa. Kumbe angeuinamisha tu! Bomba lingeteleza, mfupa ungebaki mzima. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwa nini alivunjwa, na sasa ubao ulikuwa unamweleza kwa chaki. Alilia mbele za watu, wenzake wakadhani ana homa. Tangu siku ile alimsamehe baba yake kabisakabisa. Kosa lilikuwa la pembe. Mzee alipofariki, Sitini alimlilia kuliko ndugu zake wote, na fizikia akaipenda kama mtu anavyompenda daktari aliyemponya.

Alioa mshonaji, mwanamke mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi kwenye cherehani. Walijaliwa binti mmoja, na Sitini alimpenda binti huyo hadi akawa hajui aupeleke wapi upendo wenyewe. Jioni walikaa wawili kwenye meza ya kukatia nguo, wakichora kani kwa chaki ya fundi juu ya vipande vya kitambaa, na mama akiwafokea kwamba wanamharibia mali. Binti alikuwa mwepesi kumshinda baba yake. Nyumbani humo fimbo haikuwahi kuingia.

Binti alipofikia darasa la baba yake, mama aliweka mkasi mezani.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Huko shuleni wewe ni mwalimu wa watu wote, mimi sina neno. Lakini siku fimbo yako itakapomgusa mwanangu, ukirudi hapa hutanikuta. Wala yeye hutamkuta. Nitaondoka na cherehani yangu kichwani."

"Mke wangu, na wenzake wakisema nampendelea?"

"Waseme mpaka midomo iwaote manyoya. Apa."

Sitini akaapa. Kiapo hakikumpa shida, kwa sababu binti hakukosea hata mara moja. Wenzake walikuwa na maneno yao, hasa kijana mmoja wa viti vya nyuma waliyemwita Mlingoti kwa urefu wake. Kila Msaidizi alipotoka msumarini, Mlingoti alimtazama yule binti, kisha akaitazama fimbo, kisha akatabasamu.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto la kuudhi. Kazi ilikuwa kutafuta uzito wa jiwe lisiloandikwa namba. Kila meza ilikuwa na ubao wake mdogo, na wanafunzi walikaa wawiliwawili. Binti alikaa na msichana mdogo wa mwili aliyeitwa Kimya, ambaye tangu aingie shule ile watu walikuwa bado wanasubiri wasikie sauti yake. Viganja vya Kimya vilikuwa vimepasuka kwa fimbo za kipindi kilichopita, vimefungwa leso, na leso ilikuwa imeota doa.

Sitini alipita meza hadi meza. Walikosea wengi siku hiyo. Aliwapanga mbele na kuwachapa mmoja baada ya mwingine, wengine wakiwa wameinamisha mikono, wengine bapa. Mmoja alikojoa pale pale. Mwingine alirudi kitini akiuma kola ya shati. Mlingoti alichapwa za bapa kwa sababu alijibu swali kwa kusema hajisikii kuhesabu, na alipomaliza alipuliza kiganja, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mwalimu, na ile meza ya mbele? Au kule kosa halikaguliwi?"

Sitini alikwenda kwenye meza ya binti yake. Pete ilikuwa imetulia barabara, haina tatizo. Tatizo lilikuwa kwenye karatasi. Aliyeandika alipima pembe kutoka kwenye mstari wa wima badala ya ule wa mlalo, kwa hiyo kipande cha kwenda juu kimeandikwa mahali pa kile cha kwenda pembeni, na jiwe limetoka na uzito wa uongo. Mwandiko ulikuwa wa Kimya: herufi ndogondogo zilizojibana kama zinaogopa baridi. Sitini aliujua. Kimya mwenyewe alikuwa ameshaanza kufungua leso.

"Nimeandika mimi," binti akasema, akasimama.

"Huu si mwandiko wako."

"Ni wangu, mwalimu."

"Kaa chini."

"Heee!" Mlingoti akapiga kofi moja la furaha. "Kumbe kukaa chini kunaruhusiwa! Na sisi tungeambiwa mapema!" Vicheko vikaanza nyuma, vikasogea mbele, na havikuwa vicheko vya kufurahi. Mtu akapiga meza kwa ngumi. Wa pili akafuata. Muda si mrefu chumba kizima kilikuwa kinagonga, mawe ya mizani yanarukaruka, na viganja vilivyovimba ndivyo vilivyokuwa vinagonga kwa nguvu kuliko vyote.

Binti alikuwa ameshafika mbele. Alinyoosha mkono wa kulia, kiganja juu, bapa.

Sitini alikumbuka mkasi mezani. Alimsogelea, akanong'ona, "Mama yako ataniacha. Unajua hilo?"

"Najua."

"Basi jibu swali, uinamishe, nikuguse tu yaishe." Akainua sauti, darasa lisikie. "Kosaini ya sitini ni ngapi?"

"Sijui, mwalimu."

"Unajua!"

"Sijui. Asiyejua mkono wake unakaa bapa. Ndiyo sheria."

Angeweza kuitupa fimbo. Mlango ulikuwa wazi, angeweza kutoka. Lakini makofi ya meza yalikuwa yanamwingia kichwani kama misumari, na zaidi ya hayo, msichana huyu alikuwa anamtazama bila kupepesa. Walimtazama wengi kwa hofu, na hofu aliizoea. Hakuwahi kutazamwa hivi. Hasira ikampanda kutoka miguuni, hasira ya mtu anayeonewa, na akasahau kiapo, mke na nyumba.

Alichapa. Mkono haukusogea. Darasa likaacha kugonga.

Alichapa ya pili kwa nguvu zaidi, ili angalau alie, kwa sababu angelia tu angepata sababu ya kuacha. Binti alivuta pumzi puani, akaurudisha mkono palepale, ila safari hii ulisogea mbele kidogo.

"Inamisha!" Sitini alipiga kelele. "Inamisha, mwanangu, inamisha!" Na huku anabembeleza, mkono wake wa kulia ulikuwa umeshapanda juu kabisa, ukashuka na uzito wa mwili mzima.

Fimbo haikukuta kiganja, ilikuta kifundo cha mkono. Ukuni mkavu ulivunjika.

Aliujua mlio huo. Kabla binti hajaanguka magotini, kabla Msaidizi hajadondoka sakafuni, Sitini alikuwa ameshaujua, na kiwiko chake cha kushoto kikamuuma kama siku ile ya kwanza.

Kimya ndiye aliyepiga yowe. Ile sauti waliyoisubiri siku zote ilitoka yote kwa mkupuo mmoja, redio ya mkuu wa shule ikashindwa kuizima. Na kama vile lilikuwa linasubiri ishara, darasa likainuka. Mlingoti alikuwa wa kwanza. Alimpiga mwalimu wake ngumi ya taya, nyingine ya tumbo, na Sitini akaenda chini akiburuta ubao mkubwa. Kapi zikang'oka, pete ikabingirika. Stuli ilitua mgongoni mwake. Mtu alimkanyaga vidole, mwingine alimpiga teke la mbavu huku analia na kutaja kosaini moja baada ya nyingine, ya thelathini, ya arobaini na tano, teke kwa kila moja. Siku hiyo mwalimu alikiona kilichomtoa kanga manyoya.

Kisha Mlingoti akanyanyua jiwe kubwa la mizani lililodondoka ubaoni kwa mikono miwili. Sitini aliliona likija. Mkono wake mbovu ulipanda wenyewe juu ya kichwa, na wakati unapanda, ukainama. Jiwe lilimgusa mshazari, likateleza juu ya mfupa, likaenda kupasua sinki.

Hesabu ilikuwa sahihi. Aliisubiri tangu utotoni, na ilifanya kazi vilevile kama ubao ulivyomwahidi. Lakini katikati ya miguu ya wanafunzi alimwona binti yake ameketi ameegemea ukuta, ameshika kifundo chake kilichokaa vibaya, anautazama ule mkono ulioinama. Uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu anayemwonea mwingine huruma, na hiyo ilimuuma kuliko mateke.

"Inatosha," binti akasema. "Mwacheni."

Wakamwacha.

Walimu wenzake walikuja mbio, na safari hii hakuna aliyecheka. Mkuu wa shule alisema mbele ya wazazi kwamba hakuwahi kujua lolote, akasema tena ili asadikike, na Sitini akamwaga unga siku hiyohiyo. Aliporudi nyumbani akiwa na uso uliofura, mlango ulikuwa wazi. Mke hakuacha matusi wala neno. Pale ilipokaa cherehani palibaki alama nne za miguu yake sakafuni, na vipande vya nyuzi za rangi rangi ambavyo hakuwa na moyo wa kuvifagia. Alilala juu ya meza ya kukatia nguo kwa sababu kitanda kilimshinda.

Mshonaji alihamia kwa kaka yake, seremala. Sitini alikaa muda mrefu bila kuthubutu kwenda. Alipothubutu, shemeji yake alimpokea uani na nyundo mkononi, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Shemeji," Sitini akasema, "ukitaka kunipiga, nipige."

"Ndilo unalolitaka," shemeji akajibu, "ili upate nafuu. Sikupigi ng'o." Akageuka, akaita ndani.

Kutoka ndani ulisikika mlio wa cherehani. Ukasimama. Kisha ukaendelea, kasi kuliko mwanzo, na mwenye cherehani hakutokeza. Aliyetoka ni binti, mkono umefungwa plasta kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Njia nzima alikuwa anajifunza maneno ya kuomba radhi. Alikuwa ameyapanga vizuri, mengine ameyarudia kwa sauti hadi wapita njia wakageuka. Sasa mdomo ulifunguka, na ukatoa kile ulichokizoea.

"Ungeinamisha tu. Kidogo tu, mwanangu. Mfupa usingevunjika."

Binti hakupandisha sauti.

"Kila siku ulituuliza mkono ulikuwa na pembe gani. Hujatuuliza hata siku moja kuhusu fimbo."

"Fimbo imefanya nini?"

"Imeshikwa na nani."

Sitini alisimama pale uani, na karakana ya baba yake ikamrudia yote: harufu ya chuma, geti lililopinda, bomba. Miaka yote alikuwa amelitazama bomba na mkono, mkono na bomba. Sasa macho yake yalipanda polepole kando ya lile bomba hadi juu, yakafika kwenye ngumi iliyolishika, kwenye bega, kwenye uso. Alimchukia baba yake kwa mara ya kwanza maishani, akamchukia kwa moyo wote. Na palepale akaona kwamba uso ule juu ya bomba umenyoa ndevu kama yeye, umevaa shati lake la kazini lenye vumbi la chaki.

Machozi yalimwagika asiyafute. "Nisamehe," alisema. "Ni mimi. Niliyeshika ni mimi."

Akainua mkono wake wa kulia, taratibu, auweke kichwani mwa binti kama alivyozoea kufanya binti alipokuwa mdogo na kupatia hesabu ngumu.

Msichana huyu alikula fimbo tatu za bapa mbele ya darasa zima bila kupepesa. Lakini mkono ule ulipopanda, shingo yake ilijikunja yenyewe kabla hajaiamuru, bega likapanda, na uso ukainama pembeni haraka. Kiganja cha baba kiligusa shavu kwa mshazari, kikateleza, kikashukia hewani.

Wote wawili walibaki wamesimama hivyohivyo. Ndani cherehani ilikuwa inaendelea. Na jicho la Sitini, jicho lililofanya kazi hiyo maisha yake yote, lilikuwa limeshaipima pembe ile bila kuombwa. Zilikuwa digrii sitini.